Mabirika ya Mapumziko

...na si kwamba nabisha, mimi sibishi hata kidogo, hesabu yake nimeisikia na iko sawa, Heledd hajakosea hesabu tangu avae soksi za shule, ninachosema ni kwamba vitu viwili hivi havikai kwenye mizani moja, ila maneno haya nimeyapata sasa hivi, nikiwa peke yangu jikoni, bomba linamwaga maji ndani ya birika la umeme, na yeye yuko kule sebuleni, kompyuta mapajani, anasubiri niseme ndiyo au hapana. Filimbi ya mapumziko ya ragbi imelia, Wales iko nyuma kwa pointi sita, nikainuka kama ninavyoinuka siku zote filimbi ikilia, nikasema ngoja niweke chai, nikamwacha na swali mdomoni... "Baba, nakusubiri wewe tu, kidole changu kiko juu ya kitufe!" Kiko juu ya kitufe. Akikishusha, leseni ya televisheni imekwenda, miaka arobaini na tatu tangu mimi na mke wangu Menna tulipoikata mara ya kwanza, hatuna hata kapeti, tumekalia masanduku... nabonyeza birika, kitaa cha buluu kinawaka, linaanza kunguruma chini chini, vikombe vitatu vya maji, dakika tatu, labda tatu na nusu kwa sababu maji ya Februari yanatoka bombani kama barafu, basi ndizo dakika nilizo nazo za kufikiri. Anavyopanga binti yangu ni hivi, leseni ni pauni mia moja sabini na kitu kwa mwaka, mnalipa mtake msitake, na mnaangalia nini, habari za saa kumi na mbili, ragbi, na ule mchezo wa Kiwelisi ambao mama anaulalia kwenye kochi kabla hata wimbo wa mwanzo haujaisha, sasa kwa pesa hizo hizo anatufungulia huduma mbili za mtandaoni, filamu elfu kwa elfu, unaanza ukitaka, unasimamisha ukienda chooni, hakuna wa kukupangia saa, Baba, wewe ndiye bosi. Ila ukishatamka kwamba leseni huihitaji, matangazo ya moja kwa moja usiyaguse tena, hata dakika moja, hata ragbi. "Ragbi utaenda kuiangalia klabuni, utembee kidogo, daktari si alikwambia utembee?" Alisema, ndiyo, daktari alisema. Na wiki hii yote amekuwa hivyo, anapita nyumbani kwetu na ufagio wake wa mambo, kampuni ya simu amebadilisha, dawa za mama yake amezipanga kwenye kiboksi cha vyumba saba, funguo zote amezifunga vibandiko, ya ghalani, ya mita, ya jirani, maana baada ya siku tisa anaondoka, yeye na Gethin wake, wanakwenda Nyuzilandi, Gethin akatibu ng'ombe wa watu kwenye ncha ya dunia, miaka mitatu tu, anasema Gethin, na hiyo "tu" yake anavyoilegeza ulimini najua kabisa ni miaka mingapi. Siku tisa, na mimi sijamuuliza hata swali moja la huko. Nimemuuliza habari za leseni. Siku tatu mfululizo tunabishana leseni, tena kwa bidii, kama watu waliopewa kazi hiyo...

"Baba, umekwenda kuyachota mtoni?" "Muache," Menna anamwambia, nasikia vizuri, anadhani mlango unazuia sauti, "anaongea na birika lake huyo." Wanacheka. Wacheke. Menna anajua ninachofanya hapa, nimesimama kiganja nimekiweka juu ya meza, karibu na birika, nasikiliza kwa mkono, ni mazoea ya miaka ishirini na sita ya kukaa ndani ya mlima, kwenye kituo cha umeme wa maji, pale ulichokuwa unakisikia kwanza hukukisikia kwa sikio, ulikisikia kwa nyayo. Tuliingia kwa gari dogo, handaki refu, taa za manjano, jiwe linatoa jasho pande zote, mpaka kwenye ukumbi ambao ungeweza kuweka kanisa letu ndani yake na mnara wake, na huko chini magurudumu makubwa ya chuma yanazunguka hewani, matupu, bila tone la maji, yanasubiri, na juu ya vichwa vyetu ziwa zima limezuiwa kwa mlango. Tulikuwa tunasubiri nini? Chai. Wageni walikuwa wanacheka tukiwaambia, wanadhani ni mzaha wa watu wa milimani, lakini kazi yetu ilikuwa ni chai ya Uingereza yote, maana umeme hauwekwi kabatini, unaotumika sasa hivi lazima uzaliwe sasa hivi, na watu milioni kumi na kitu wakiwa wanaangalia mchezo mmoja, mchezo ukaisha, wote wanainuka, wote, wanakwenda jikoni, wanabonyeza birika ndani ya dakika ile ile moja, na taa za nchi nzima zingeyumba kama si sisi. Kwa hiyo pale chumba cha mitambo palikuwa na televisheni, ndogo, juu ya kabati la mafaili, si ya starehe, ni kifaa cha kazi kama bisibisi, na ukutani karatasi ya vipindi vya wiki imepigwa mistari ya wino mwekundu pale kila kipindi kinapokwisha. Simu ya makao makuu inalia, sauti inasema "jiandaeni", sisi tunatazama mchezo, tunatazama mshale wa kipimo cha mapigo ya umeme, usiotakiwa kuondoka kwenye hamsini, simu inasema "sasa", mlango unafunguka, na ziwa linashuka ndani ya mlima, pumzi tatu, pumzi nne, nyayo zinasisimka, meno yanasisimka, kikombe kinatembea chenyewe mezani, na mshale uliokuwa unataka kuanguka unatulia. Basi. Watu wamekunywa chai. Hakuna aliyejua, na sisi hatukutaka ajue.

Na ile Jumapili... najua siwezi kumweleza Heledd ile Jumapili, nilijaribu juzi, nikasema mara nchi nzima ilikaa, akasema ilikaa wapi, Baba, nikaacha. Ilikuwa ni mwisho wa mchezo mmoja wa familia ya mlinzi wa mnara wa taa, miezi mitatu watu wameufuata, mabasi yanaondoka matupu, vibanda vya pombe vitupu, na mle ndani kuna bibi mmoja aliyekuwa anasubiri barua ya mwanawe aliye baharini, anasubiri kila Jumapili, anaweka vikombe viwili, na siku hiyo ya mwisho barua ikafika, mtu wa posta akaisukuma chini ya mlango, na yule bibi alikuwa amekaa pale pale mezani, kichwa kimelala kidogo, amekwisha kufa. Kamera ikaitazama barua. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda. Simu ikasema "sasa", mimi nikabonyeza, mwenzangu wa zamu, Ifor, pembeni yangu ameshika kidevu, maji yakashuka, mlima ukaunguruma, na mshale badala ya kuvutwa chini na mabirika ukapanda, ukazidi kupanda, umeme umejaa na hakuna wa kuutumia. "Wako wapi?" Ifor akasema. "Idwal, watu wako wapi?" Na yule wa kwenye simu, mtu ambaye hakuwahi kuniambia neno nje ya kazi, akasema taratibu, "Hawajainuka." Tulikosea, sote, makao makuu na sisi, tulikuwa tumepiga hesabu ya kila kitu, mvua, baridi, ukubwa wa birika, hatukupiga hesabu ya kwamba mtu anaweza kushindwa kuinuka. Nikafunga maji. Sekunde ishirini. Thelathini. Nilikuwa na miaka thelathini na moja na nywele zilinisimama mpaka mgongoni, maana nilikuwa nauona, pale kwenye mshale, kimya cha watu milioni kumi na tatu, tajiri kakaa, mlevi kakaa, wale wa London wanaotucheka lugha yetu wamekaa, jirani yangu Prydderch ambaye hakuwahi kumsalimia mkewe kwa wema amekaa, wote wametazama barua ile. Sekunde arobaini. Halafu wakaja, jamani, walikuja wote kwa pamoja, wanapenga makamasi, wanaburuta viatu vya ndani, wanabonyeza, mshale ukaanguka kama ndoo kisimani, na Ifor akapiga kelele "Wameinuka! Wameinuka!" kama mtu anayeona wafu wanatoka makaburini, nikaufungua mlango wa maji na machozi yananitoka na sioni aibu. Kanisani nimekaa miaka sitini, nimeimba, nimesali, sijawahi kupigwa na kitu namna ile. Nani atanipimia hicho kwa pauni? Ndani ya ile ada ndogo ya mwaka, waliyokuwa wanaitukana kila mwezi wa nne ikipanda, tulikuwa tumenunua, bila kujua, kuinuka pamoja.

...lakini sasa hawainuki, huo ndio ukweli, na huo siwezi kumficha Heledd. Kwenye chakula cha Krismasi cha wastaafu nilikaa na msichana anayekalia kiti changu siku hizi, mpole, ana pete puani, nikamuuliza kwa uchu, vipi, mshale unaanguka? Akanitazama kwa huruma. "Mzee Idwal, siku hizi ni kama kamba imelala. Mmoja anasimamisha filamu yake saa mbili na dakika nne, mwingine na tisa, mwingine yuko sehemu ya tatu, mwingine ya saba. Fainali tu, labda. Fainali na harusi za kifalme." Nikala pudini yangu. Na si kwamba hizo filamu za mtandaoni ni takataka, hapana, kusema hivyo ni uzee mbaya, kwa Heledd mwezi wa kumi na moja tuliangalia ya vilindi vya bahari, kuna pweza anabadilisha rangi usingizini, anaota, yule mnyama anaota! Menna alinishika mkono mpaka kucha zikaingia, na Heledd akasimamisha picha ili tumtazame, akaturudishia, akatuonyesha tena, mara tatu tukamwona pweza akiota, na katika ukumbi wangu wa mlimani hakuna aliyewahi kuweza kumsimamisha mtu yeyote ili tumtazame vizuri. Hilo nalo ni la ajabu. Maktaba ya dunia nzima inamwagika ndani ya nyumba kama hili bomba, unafungua unapotaka... na jana akaniambia, kwa kuchokoza, lakini macho yake hayakuwa ya uchokozi, "Mtatumia akaunti yangu, Baba, na mimi nikifungua kule nitaona mmefikia wapi. Nitaona, ahaa, Baba kaishia dakika ya kumi na mbili, kalala." Nikacheka. Halafu usiku nikafikiria, yuko ncha ya dunia, anafungua kioo, anaona kimstari chekundu nilichokiacha, anasema Baba alipita hapa. Ni kitu hicho. Ni kitu kikubwa kuliko nilivyokubali. Ila nilipita lini? Kimstari hakisemi. Naweza kuwa nilipita asubuhi, naweza kuwa nilipita wiki iliyopita, naweza kuwa... kitamwambia nimefikia wapi kwenye hadithi, hakitamwambia niko wapi.

"Idwal, ukikawia watarudi uwanjani!" Nakuja, nakuja, linanguruma sasa, bado halijapanda sauti. Heledd alikuwa na miaka sita, au mitano na nusu, meno ya mbele hana, mimi niko zamu ya jioni wiki nzima, hanioni, nikirudi amelala, na Menna akamwambia, sijui alikitoa wapi, Menna ana vitu vyake, akamwambia mchezo ukiisha bonyeza birika, Baba ataona kule mlimani. Basi ikawa ndiyo kazi yake. Anasimama kwenye kiti, hiki hiki jikoni hapa, anasubiri majina yapande, anabonyeza, anapunga mkono kuelekea dirishani. Jumamosi asubuhi akanirukia kitandani, "Ulinionaaa?" na mimi nikasema nilikuona. Kila juma, ulinionaaa, nilikuona. Nikamwambia Ifor kazini kwamba namdanganya mtoto na moyo haunipi raha, na Ifor, mtu wa hesabu, hana simile, hakucheka. "Unamdanganya nini? Mshale haumwachi mtu. Mtoe yeye, na mshale umekaa mahali pengine, kwa unywele ambao hakuna jicho la kuuona, lakini mahali pengine." Nikatoka nje ya chumba nikaenda kusimama kwenye handaki. Kwamba yumo. Kwamba katika ule mzigo uliokuwa unaushukia mlima wangu kila jioni, mzigo wa kutisha, kulikuwa na kidole kimoja cha mtoto asiye na meno, na ziwa lilishuka kwa ajili yake pia, kwa kipimo chake hasa, si zaidi si pungufu. Nimekuwa nikidhani miaka yote hii kwamba kilichonishangaza ni ile milioni kumi na tatu. Sicho. Milioni ni idadi tu, hata mchanga una milioni. Kilichonitoa machozi handakini ni kwamba kwa dakika ile moja nilijua yuko wapi. Hayupo shuleni, hayupo barabarani, hayuko na homa, amesimama kwenye kiti, jikoni, mkono umeinuliwa, na anajua mimi niko wapi. Hakuna aliyepiga simu, hakuna aliyeuliza. Saa ilifika, tukajua. Na siku tatu hizi nimekuwa nikiitetea leseni kama wakili, nikitaja sinema za zamani na redio na habari zisizo na matangazo ya sabuni, kumbe sikuwa nikitetea lolote kati ya hayo, nilikuwa natafuta... na sijamuuliza. Siku tisa! Mtu mzima, nimeongoza ziwa, naogopa kumuuliza binti yangu kitu ambacho mtoto wa shule angeuliza siku ya kwanza.

"Heledd." Sauti yangu imetoka ndogo. "Heledd!" "Naam, Baba. Ndiyo au hapana?" "Saa hizi kule ni saa ngapi?" Nasikia wale wachambuzi wa televisheni wanapigana maneno juu ya penalti. "Kule wapi?" anasema. Na mimi nauambia ukingo wa meza, "Kule kwenu," na ndiyo mara ya kwanza nimesema kwenu. "Tumewapita kwa saa kumi na tatu," anasema, na ile sauti ya hesabu imemtoka, "hapa ni Jumamosi jioni, kule kumekucha, Jumapili, saa kumi na mbili na nusu hivi. Ningekuwa nimelala, Baba, kama mtu mwenye akili zake." "Na siku za kazi? Habari za saa kumi na mbili zikianza huku?" "Kule ni saa moja asubuhi. Ya kesho yake." Anavuta pumzi. "Nitakuwa jikoni, nakimbizana na mkate."

Jikoni. Kesho yake. Nimeshika meza, na si birika ninalolisikia kiganjani. Wakati mimi nimechoka na siku, yeye amesimama ndani ya siku ambayo sijaifikia, nywele hajachana, dirisha lina jua la kiangazi, na si baadaye, si kabla, ni dakika hiyo hiyo, hii moja, sisi tunaiita jioni na yeye anaiita asubuhi na ni moja. Dunia nzima, kumbe! Nilidhani kuinuka pamoja ni kitu walichokibuni watu wa televisheni, na msichana mwenye pete puani amekizika, na huku wakati wote kila dakika inawapitia watu wote mara moja, huyu anaamka, huyu analala, huyu anaweka chai, ila tu hakuna filimbi ya kuwaambia. Inatakiwa filimbi. Inatakiwa kitu kimoja kinachoanza saa yake na hakinisubiri mimi, nisichoweza kukisimamisha nikienda chooni.

"Usiifute," nasema. "Baba! Nimekueleza mara ngapi..." "Umenieleza vizuri sana, na hizo zako za pweza tuwekee, tutaziangalia mpaka macho yatoke. Lakini ile usiifute." "Kwa ajili ya habari? Habari zimejaa bure kwenye simu yako, hebu niambie basi, kwa nini?" Menna hacheki tena. Nasikia kochi linalia, nadhani amegeuka upande wa mlango. Nyuma yangu mvuke umeanza kutoka, mwembamba, bado. "Kwa sababu saa kumi na mbili kamili kila siku nitakuwa kwenye kiti changu, mama yako atakuwa kwenye chake, na wewe utakuwa unakimbizana na mkate, na hutahitaji kupiga simu," nasema, navitoa vikombe vitatu kabatini, "utatazama saa tu, utajua tulipo."